Fundi wa Waya na Gari la Tano

Miaka yote niliyomjua, Fundi wa Waya alikunywa chai baridi, na sababu yake ilikuwa moto. Jiko lake la makaa alikuwa ameliweka ng'ambo ya kijia, hatua thelathini kutoka kwenye kibanda alichofanyia kazi, na hatua hizo alizipima mwenyewe. Hakutaka cheche na petroli wawe majirani. Basi chai ilichemkia kule, ikamiminwa kule, na kabla hajafika nayo kibandani angekumbuka waya fulani, akaweka kikombe juu ya ukuta na kukisahau. Nilimwambia anunue thamosi. Akaniambia thamosi ni ya watu wenye nafasi. Mtu anakaa peke yake kutwa nzima, nafasi anayo ya kugawia mtaa, na bado anasema hana nafasi ya thamosi.

Kibanda chenyewe kilikuwa Nakuru, upande wa reli, mahali ambapo zamani palikuwa na safu nzima ya mafundi: wa rangi, wa radieta, wa viti, wa breki. Yeye alishika waya, hasa za magari ya zamani, yale ambayo bado yanatumia kabureta na ambayo vijana wa siku hizi wakifungua boneti wanacheka kwanza. Mimi nakaa Kabazi. Nanunua viazi Kuresoi na kuviuza sokoni Nakuru, na kazi hiyo naifanya kwa pikapu ya kijani niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Aliniachia pikapu na shamba la ekari mbili, na kati ya hivyo viwili, pikapu ndiyo yenye maneno mengi.

Tulijuana siku pampu ya mafuta ilipokufa. Pikapu ilikuwa na pampu yake ya asili, ile inayosukumwa na injini yenyewe, na mpira wake wa ndani ulichanika pikapu ikiwa na magunia mgongoni. Nyingine ya aina hiyo haikupatikana mji mzima. Vijana wa gereji wakanizunguka.

"Mathe, hiyo tunakuwekea ya umeme. Dakika kumi tu. Tunapiga direct, unaenda."

Fundi wa Waya alikuwa ameketi kando juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, anasuka waya mbili. Hakuinua kichwa. "Mwambieni na ile ingine," akasema. "Mwambieni gari ikianguka itakuwaje."

"Achana na huyo mzae, mathe. Atakukalisha hapa mpaka viazi ziote."

Sijui kwa nini nilimwendea yeye. Mimi si mtu wa subira, kila anayenifahamu atakuambia. Labda ni kwa sababu wengine wote walikuwa wananiita na yeye hakuniita.

Kupiga direct, kwa asiyejua, ni kuchukua waya kutoka kwenye swichi ya ufunguo na kuupeleka moja kwa moja kwenye pampu, basi. Ukifungua ufunguo, pampu inasukuma. Gari linawaka, mwenye gari anashukuru, fundi anaita mwingine. Nusu ya magari ya kabureta unayopishana nayo kutoka Naivasha hadi Molo yamepigwa direct.

"Mama, pampu ya umeme haina akili," aliniambia siku ile, bado anasuka waya zake. "Ukiipa moto wa betri inasukuma. Haijui kama injini iko hai ama imekufa. Haijui kama gari imesimama ama imelala kwa mtaro. Wewe uko pale ndani umezimia, funguo iko on, mpira wa mafuta umekatika, na yeye anasukuma tu. Anamwaga petroli mpaka ipate mahali pa kuwaka."

"Na hawa vijana hawajui hivyo?"

"Wanajua. Lakini gari inatembea."

Alinikalisha kweli, kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Pampu aliifunga nyuma, chini, karibu na tangi, kwa sababu, alisema, pampu ya umeme ni hodari wa kusukuma na mvivu wa kuvuta. Fyuzi aliiweka mbele, shubiri moja kutoka kwenye betri, ili waya ukichubuka popote njiani fyuzi ife yenyewe kabla waya haujawaka. Pale waya wa pampu unaporudi kwenye bodi alikwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti, akapaka grisi. Kisha rilei, kile kijisanduku kinachobeba mzigo wa umeme ili swichi ya ufunguo isiungue. Kisha swichi ya oili, ambayo ndiyo ilikuwa dini yake: injini ikizunguka, oili inasukuma swichi na pampu inapata moto, injini ikifa, oili inashuka na pampu inanyamaza, hata ufunguo ukiwa wazi. Mwisho akafunga kidude alichokitoa kwenye gari lililopondeka, chenye kigololi ndani kinachoruka gari likigongwa na kukata kila kitu.

"Pampu isiamini funguo," alisema. "Iamini injini."

Nikamwambia mume wangu aliendesha pikapu hii miaka kumi bila vidude hivyo vyote.

"Ile pampu yake ilikuwa inasukumwa na injini. Injini ikifa, nayo inakufa. Mungu aliiweka hivyo."

"Si Mungu, Fundi. Ni wazungu."

"Basi siku hiyo walimsikiza."

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bado kulikuwa na ibada. Aliniambia niwashe, niweke gia, kisha niachie klachi ghafla. Pikapu iliruka mara moja ikazima, ufunguo ukiwa wazi bado. Akainua kidole kimoja. "Sikiza." Huko nyuma pampu ikapiga ta, ta, ta, halafu kimya. Akabaki na kidole juu, na mimi nikabaki nimeshika usukani, tunasikiliza kitu ambacho hakipo. Hakuna mteja aliyeondoka kwake bila kusikiliza kimya hicho. Wengine walikasirika. Mwenye teksi mmoja, ambaye huenda hakuwa amekaa kimya tangu abatizwe, aliambiwa arudie mara tatu kwa sababu alikuwa anaongea na simu.

Ni siku hiyo hiyo aliponiuliza viazi nimevitoa wapi. Nikasema Kuresoi. Akaweka koleo chini.

"Huko umewahi kuona gari ndogo, rangi ya maziwa, ya mama mmoja mwalimu?"

Ndivyo nilivyoingizwa kwenye habari ya gari la tano. Hakuificha. Alimwambia kila mteja aliyetoka juu huko, kama mtu anayeulizia ng'ombe aliyepotea. Alipoanza kazi hii, rilei zilikuwa shida kupatikana na yeye alikuwa na haraka za ujana, akapiga direct magari matano. Aliyahesabu kwa vidole. La kwanza lilikuwa la muuza mboga mmoja. Lilipokosa njia likalala mtaroni nje kidogo ya mji, mtu alikuja mbio kumwita: fundi, gari yako imelala. Akafika akakuta dereva amekaa majanini salama, anafuta damu puani. Lakini hakuna aliyegusa ufunguo. Injini imekufa, pampu inapiga ta, ta, ta, petroli inamwagika kwenye mtaro, na watu wamekuja na mitungi kuikinga. Mmoja wao alikuwa na sigara mdomoni, anachota.

Fundi alipasua boneti kwa mikono akang'oa waya wa betri. Kovu lilimkata kiganja cha kulia kutoka kidole gumba hadi kifundo, na ukisalimiana naye ulilihisi. Hakuna aliyekufa, hakuna kilichowaka. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kwenda kunywa soda. Yeye alikwenda kuyatafuta manne yaliyobaki. Matatu aliyapata ndani ya mwaka ule, akayafunga waya upya bila kuitwa na mtu, mwenye gari mmoja akadhani ni mwizi.

La tano lilikuwa la mwalimu. Alikuwa anapita tu, amekwama, ana haraka ya kurudi shuleni Kuresoi. Akampigia direct akamwambia, "Rudi Jumamosi, nitakuwekea rilei na swichi yake." Hakumuuliza jina. Jumamosi mwalimu hakurudi, wala ile iliyofuata. Kwa nini arudi? Gari lilikuwa linatembea.

"Mteja akirudi kulalamika huyo ni rafiki," alizoea kusema. "Muogope yule hajarudi."

Alama za gari hilo nilizisikia mara nyingi hata nikazijua kama kadi ya kliniki ya mtoto wangu. Rangi ya maziwa. Ubavu wa kulia umebonyea juu ya gurudumu la nyuma. Ndani ya buti kuna tundu alilotoboa yeye mwenyewe, limepitisha waya mwekundu, limezibwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. "Hiyo tyubu nilikata mimi," alisema kila mara, kana kwamba nimebisha.

Nikamwahidi nitaangalia. Kwa miaka mingi kila niliposhuka na viazi aliniuliza, na kila mara nikamjibu, "Nimeangalia, Fundi. Sijaiona." Ukweli ni kwamba sikuangalia. Nilikuwa na mvua, na matope, na wakulima wanaochanganya viazi vibovu chini ya gunia. Nilijibu hivyo kama unavyomjibu mtu salama hata ukiwa na homa.

Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkaidi na mdomo wake ulikuwa mchungu. Tepu nyeusi aliichukia. Akiikuta kwenye waya za gari aliibandua na kumpa mwenyewe mkononi bila neno. Alikuwa na kinyongo na vijana wa direct, nao walikuwa na majina yao kwake ambayo sitayaandika. Na yeye huyo huyo, taa ya kibanda chake ilikuwa waya mbili uchi zimesokotwa na kuning'inizwa kwenye msumari. Siku nilipoigundua nilifurahi sana.

"Fundi! Na hii si direct?"

Akaitazama kama mara ya kwanza. "Hii itachoma mimi peke yangu," akasema, akarudi kazini.

Baadaye mafundi wote wa safu ile walihamishiwa upande mwingine wa mji, kwenye vibanda vipya vyenye paa, stima na sakafu ya saruji. Walihama kwa shangwe. Yeye alikataa. Bango lake la bati, WAYA ZA GARI HAPA, lilikuwa palepale lilipokuwa siku mwalimu alipopita, na mtu akirudi hurudi pale anapopajua. Nilimwambia, "Fundi, mwalimu huyo sasa atakuwa bibi kizee. Pengine hata haendeshi." Akasema, "Hata akituma mtu." Basi alibaki peke yake kwenye safu ya vibanda vilivyong'olewa mabati, na treni ya mizigo ikipita mara moja moja, na mbuzi wa watu wakilala palipokuwa na fundi wa viti. Wateja wakapungua. Mimi nilikuwa nakwenda hata pikapu isipokuwa na shida, nikijidai taa inachezacheza. Kwangu Kabazi watoto wameondoka wote, na nikirudi jioni hakuna anayeniuliza barabara ilikuwaje. Yeye aliniuliza.

Alikuwa na mke. Mama huyo nilimwona mara tatu nne, mwembamba, msemaji, amebeba chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. "Huyu ameoa gari ya mtu," aliniambia siku ya kwanza tu, mbele yake, na Fundi akaendelea kukoroga chai yake iliyopoa. Binti yao alipojifungua mapacha Eldoret, mama akaenda kusaidia, na magoti yalipoanza kumsumbua akakaa huko huko. Binti alimsihi baba naye aende. Kulikuwa na chumba kinachomngojea, kitanda kimetandikwa. "Nikimaliza ile gari," alisema. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema; yeye alimlea mjukuu huyo kuliko wale wa damu yake walioko Eldoret.

Kila siku saa saba mchana mke wake alimpigia simu. Fundi aliweka simu juu ya sanduku la vyombo na sauti wazi, ili mikono iendelee na kazi, kwa hiyo sote tuliokuwepo tulisikia. Mama hakuanza na habari ya mchana wala hujambo. Alisema, "Umeipata?" Naye akasema, "Bado." Baada ya hapo ndipo wakaongea mambo ya watu: magoti, mapacha, mvua, nani ameoa. Nilianza kupanga safari zangu nifike pale saa saba. Nasema wazi, nilikuwa naiba. Nilisikiliza mazungumzo ya watu wawili waliozeeka pamoja na kuyachukua nyumbani.

Mama huyo alifariki msimu wa mvua ndefu. Nilikwenda mazishini. Fundi alisimama kaburini na koti lililombana mabega, akamshukuru kila mtu kwa mkono, na siku ya tatu alikuwa amerudi kibandani. Nikamkuta anafunga waya za trekta la mtu. Ilipofika saa saba aliacha kazi, akafuta mikono, akaitazama simu pale juu ya sanduku. Kisha akachukua koleo. Alifanya hivyo siku zote nilizokuwapo baadaye, na hapo sikuweza kujifanya kwamba sioni.

Gari nililiona mwaka uliofuata, na nilivyoliona ni aibu yangu.

Kuna mkulima mmoja Kuresoi ninayenunua kwake viazi, mwanamume mtulivu wa makamo. Nyuma ya ghala lake kulikuwa na tuta kubwa lililofunikwa magunia na mabati, kuku wakiingia na kutoka. Nilikuwa nimenunua viazi hatua tatu kutoka hapo kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeliegemea tuta hilo nikihesabiwa magunia. Siku hiyo mvua ilishuka ghafla na viazi vilikuwa nje, mkulima akavuta magunia yale mbio kuvifunika, na chini yake nikaona ubavu wa gari. Rangi ya maziwa. Umebonyea juu ya gurudumu la nyuma, isipokuwa gurudumu lenyewe halikuwapo, limewekewa mawe.

"Hii gari ni ya nani?" nikauliza, na sauti yangu naijua, haikuwa ya kuuliza bei.

"Ya marehemu mathe yangu. Alikuwa mwalimu mkuu hapa. Aliendesha mpaka macho ikakataa, ikakaa hapo. Mathe alienda na ugonjwa wa sukari juzi juzi, mwaka jana."

"Haikuwahi kumsumbua?"

"Hiyo? Hata siku moja. Alikuwa anasema kuna fundi wa Nakuru alimwekea pampu, kwamba yule ndiye fundi. Kila mtu gari ikimsumbua, mathe anamwambia aende Nakuru atafute huyo mtu."

Nikafungua buti nikinyeshewa. Kuku alikuwa anataga ndani. Tundu lilikuwapo, waya mwekundu ulikuwapo, na kipande cha tyubu ya baiskeli kilikuwa kigumu kama ganda.

Siku mbili baadaye nilimpitia Fundi alfajiri. Nilimwambia nililoliona. Aliingia kibandani, akatoka na mfuko, na ndani yake kulikuwa na rilei ambayo bado ilikuwa kwenye karatasi yake, karatasi yenyewe imegeuka manjano. Alikuwa ameinunua Jumamosi ile ya mwalimu. Tulipopita Sachangwan alivua kofia akaishika magotini mpaka tukamaliza mlima. Ni pale lori la petroli lilipoanguka na watu zaidi ya mia wakaungua wakichota; sikumuuliza.

Mkulima alitupokea vizuri, akawatoa kuku garini. "Lakini mzee," alisema, "hii gari haitembei tena. Injini imeshika kutu. Hata tairi haina."

"Najua," Fundi akasema, akavua koti.

Alianza kwa kufungua tangi na kulinusa, kisha akaingiza kijiti na kukitoa. Kavu, miaka. Akaomba betri ya pikapu yangu. Akaifunga vilevile gari lilivyokuwa, kama alivyoliacha yeye, akageuza ufunguo. Kimya. Akaenda nyuma akagonga pampu kwa mpini wa bisibisi, mara moja, mara mbili.

Ta, ta, ta, ta.

Pampu ile, baada ya miaka yote hiyo, ikaamka. Injini imekufa, tangi limekauka, mwenyewe yuko kaburini nyuma ya nyumba, na yenyewe inasukuma. Fundi alichutama pale matopeni akaisikiliza. Mkulima alinitazama, nikamtikisia kichwa asiseme kitu. Nilitaka Fundi aizime na hakuizima. Sijawahi kumwona mtu anasikiliza kosa lake kwa utulivu namna ile.

Kisha akang'oa waya wa betri, akafanya kazi. Alifanya kama vile mwalimu amesimama pale na ana haraka ya kurudi shuleni. Fyuzi shubiri moja kutoka kwenye betri. Akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi. Akatoa rilei kwenye karatasi yake ya manjano. Swichi ya oili kwenye injini ambayo haitazunguka tena. Kigololi chake cha kishindo, alichokipigapiga kiganjani kwanza ili ahakikishe kinaruka. Mkulima alimletea chai, naye akaiweka juu ya paa la gari ikapoa. Hakutumia hata inchi moja ya tepu.

Alipomaliza alirudisha betri, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, kati ya majani makavu na manyoya ya kuku, akageuza ufunguo mpaka mwisho. Akainua kidole.

"Sikizeni."

Tukasikiliza. Pampu haikusema kitu. Kuku walikuwa wanakwaruza, mbali kidogo mtu alikuwa anakata kuni, na pale nyuma ya gari, chini, karibu na tangi, palikuwa kimya. Mkulima alivua kofia, sidhani alijua kwa nini. Fundi aliacha kidole juu kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Halafu akazima ufunguo, akatoka, akafuta mikono, akatoa simu mfukoni. Ilikuwa imepita saa saba kidogo. Aliishika, akaitazama, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango haupo.

"Sasa nimwambie nani?" akasema.

Nilichoona ni mgongo wangu mwenyewe, umeegemea magunia yale, miaka miwili, na mwaka wa kwanza mke wa Fundi alikuwa hai, saa saba ikifika anapiga simu. Ningeinua gunia moja tu. Hilo sijamwambia, hata sasa ambapo amehamia Eldoret kwa binti yake, kwenye kile chumba, na kibanda chake kimebaki bango peke yake. Akipiga simu tunaongea mvua na magoti, na silisemi.

Siku ile nilimsogelea tu, nikasimama pale ambapo mke wake angesimama kama angekuwapo.

"Umeipata?" nikamuuliza.

Alinitazama. Kisha akaiweka simu juu ya paa la gari, kando ya chai yake iliyopoa, kama alivyozoea kuiweka juu ya sanduku, akainama na kuanza kukunja mabaki ya waya.

"Nimeipata," akasema. "Iko kwao tu, Kuresoi. Kuku wanataga ndani."